Ujira wa Usafi wa Nyumba na Swali la Bei ya Haki

Mfanya usafi wa nyumba anayejitegemea ni mtu anayeingia nyumba za watu kwa siku au kwa kazi maalumu, akafagia, akadeki, akasugua choo na kufua, kisha akarudi kwake. Tofauti yake na dada wa kazi ni kwamba halali kwa mwajiri, hana bosi mmoja, wala hana mshahara wa mwezi uliopangwa na mtu mwingine. Bei huipanga mwenyewe. Kwa hiyo, siku ya kwanza tu ya kujitegemea, anaangukiwa na swali la kale la bei ya haki: kazi isiyopimika kwa mizani ina thamani gani, nani mwenye haki ya kuitaja thamani hiyo, na je, kumtajia jirani ni uchoyo? Sheria ya Kiislamu, ambayo ndiyo dira ya wakazi wengi wa mwambao wa Kilwa na Lindi, imelijibu swali hili kwa undani, na jibu lake linaelemea upande mmoja: ujira ujulikane kabla ndoo haijajazwa maji.

Mchinga, kaskazini ya mji wa Lindi, ni mahali ambapo karibu kila kinachouzwa kina njia yake ya kupata bei. Samaki hunadiwa ufukweni chombo kinaporudi. Mwani hupimwa kwa kilo ukishakauka. Ufuta na korosho hupelekwa chama cha msingi, hupimwa, huwekwa ghalani na kuuzwa kwa mnada chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kwenye korosho za kusini msimu wa 2007/2008. Mkulima anaweza kuilalamikia bei ya mnada, lakini anajua imetokea wapi. Kazi ya usafi haina mnada wala mizani. Nyumba ikidekiwa asubuhi, upepo na miguu ya watoto huurudisha mchanga kabla ya magharibi, na ushahidi wa kazi umekwisha. Ndiyo maana malipo yake yamezoea kuitwa kwa majina yasiyo ya malipo: hela ya sabuni, nauli, ya soda, chochote ulichojaliwa.

Ukimya huo juu ya malipo una historia. Mwaka 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice alifanya mkataba na sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka, kwa piasta 20 kila mmoja. Katika mkataba wa aina hiyo mtu mwenyewe ndiye aliyekuwa na bei. Jasho lake lilikuwa limeshanunuliwa pamoja na mwili wake, na kufagia ua wa bwana hakukuwa na hesabu ya peke yake. Karne ya 19 ilizaa hali ya katikati: mtumwa alikodishwa kwa kutwa, na sehemu ya alichokipata ilikwenda kwa bwana wake. Neno kibarua lina asili katika cheti kidogo, barua ndogo, alichopewa mtu wa kazi ya kutwa. Watawala wa Kijerumani hawakuufuta utumwa moja kwa moja. Ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Kabla ya hapo, mwaka 1905, watu wa milima ya Matumbi nyuma ya Kilwa walikuwa wameshang'oa pamba ya kulazimishwa, na vita vya Majimaji vikaanza. Katika mwambao wenye kumbukumbu hiyo, kazi za ndani zilibaki na harufu ya utumwa, na anayezifanya alizoeshwa kupokea, si kudai.

Fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, huanza kwa kutenganisha kile ambacho biashara ya watumwa ilikichanganya. Mkataba wa ijara ni uuzaji wa manfaa, si uuzaji wa kitu wala wa mtu. Anayekodisha nyumba anauza ukaaji, na nyumba inabaki yake. Anayejikodisha kufanya usafi anauza saa au kazi, na nafsi yake inabaki yake. Kwa kuwa kinachouzwa ni manfaa, mkataba unatakiwa uwe na kila kinachotakiwa katika uuzaji: pande mbili zenye akili timamu, ridhaa, manfaa yanayojulikana na ujira unaojulikana. Kurani inatoa sura ya mapatano ya namna hii katika Sura ya Al-Qasas. Musa anafika Madiani akiwa mkimbizi asiye na kitu. Mzee mwenye mabinti wawili anamweleza muda, miaka minane au kumi kwa hiari, na anachokitoa kwa upande wake, kisha anaahidi kutomtaabisha; Musa naye anajibu kwa kueleza anavyoufahamu muda huo. Yote hayo yanasemwa kabla ya siku ya kwanza ya kazi, baina ya mwenye mifugo na mtu mwenye njaa. Hapana upande wowote ulioona kwamba kusema wazi kunavunja heshima.

Ibn Battuta, alipofika Kilwa mwaka 1331, aliwakuta wenyeji wakifuata madhehebu ya Shafi, na mwambao umebaki hivyo hadi leo. Kwa hiyo kitabu chenye uzito hapa ni Minhaj at-Talibin cha Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ambacho ni miongoni mwa nguzo za madhehebu hayo. Mlango wake wa ijara unashikilia sharti la ujira kujulikana kwa mifano inayogusa maisha ya mtaani. Haifai kumwajiri mchunaji kwa ujira wa ngozi ya mnyama atakayemchuna, wala msagaji kwa pumba au sehemu ya unga atakaousaga, kwa kuwa siku ya mapatano hakuna anayejua ngozi itatoka nzima au imetoboka, wala pumba zitakuwa kiasi gani. Kwa mfanya usafi, mifano hiyo inagusa malipo ya "utakula hapa hapa" na "kuna nguo za watoto nitakupa". Chakula kisichoelezwa na nguo ambazo hazijaonekana havijulikani, na kwa Shafi havisimami mahali pa ujira. Vinaweza kutolewa kama wema, juu ya ujira uliokwisha kutajwa.

Mahali panapohusu zaidi ni pale Nawawi anapotaja mtu aliyempa dobi nguo aitakatishe, au fundi cherehani kitambaa akishone, kazi ikafanyika, na hakuna aliyetaja malipo. Je, dobi ana haki ya ujira? Kauli inayotangulizwa katika madhehebu ni kwamba hana. Hakuahidiwa kitu, na kazi yake inahesabiwa kuwa amejitolea. Kauli ya pili inasema analo dai la ujira. Ya tatu inatofautisha: akiwa ni mtu anayejulikana kwa kazi hiyo kama riziki yake, anastahili, akiwa hajulikani, hastahili. Nawawi anadokeza kwamba kauli hii ya tatu imeonekana na baadhi kuwa nzuri.

Msomaji wa haraka anaweza kuiona kauli ya kwanza kuwa ngumu kwa mnyonge. Mantiki yake ni kwamba sheria haiwezi kuingia katika moyo wa mtu na kujua kama alikusudia zawadi au biashara. Inachotazama ni tamko. Lakini kwa mtu aliyeanza kujitegemea juzi, tofauti ya kauli hizi tatu ina uzito mkubwa. Fundi mwenye cherehani barazani anajulikana na mtaa mzima, na kauli ya tatu inamlinda hata akinyamaza. Mama aliyeanza kufanya usafi mwezi uliopita hana kibao wala baraza. Jana alikuwa jirani anayesaidia kwenye shughuli, na leo anakuja na ndoo yake. Mbele ya mwenye nyumba, mtu ni yule yule. Hana umaarufu wa kumsemea, basi inabidi aseme mwenyewe. Anayehitaji zaidi kutaja bei ni huyu mgeni wa kazi, naye ndiye anayeona haya zaidi kuitaja.

Baada ya kukubali kwamba bei itajwe, swali linalofuata ni itajwe kwa kipimo gani. Fikihi inakubali vipimo viwili: muda, kama siku moja au saa nne, na kazi yenyewe, kama kudeki vyumba vitatu na sebule. Kuvichanganya viwili, kwa kumwajiri mtu ashone nguo hii na aimalize leo, hakufai kwa kauli sahihi zaidi ya Shafi, kwa sababu kazi inaweza kwisha kabla ya siku au siku ikaisha kabla ya kazi. Kila kipimo kina mlango wake wa ugomvi. Anayelipwa kwa muda huongezewa kazi kidogo kidogo: vyombo vya usiku, kisha mazulia, kisha "na hao kuku wafagilie banda". Anayelipwa kwa kazi hukuta nyumba si ile aliyoelezwa. Pwani, maji ya kisima mara nyingi yana chumvi na sabuni haitoi povu upesi; nondo za madirisha hushika kutu kwa upepo wa bahari, na kitambaa kikipita juu yake hutoka chekundu; choo kilichokaa wiki bila kusuguliwa kinakula saa nzima peke yake. Kwa hiyo anayeuza kazi hulazimika kuikagua nyumba kwanza, kama mnunuzi anavyokagua korosho, na kuziorodhesha kazi kwa majina. Kufua huhesabiwa peke yake, kwa beseni au kwa idadi ya nguo.

Kuhusu kiasi chenyewe, mapokeo ya Kiislamu yana tahadhari mbili zinazovutana. Ya kwanza ni hadithi iliyopokewa na Abu Dawud na Tirmidhi: bei zilipanda Madina, watu wakamwomba Mtume awapangie, naye akakataa, akieleza kwamba kupanda na kushuka kwa bei kuko mikononi mwa Mwenyezi Mungu, na kwamba hataki kukutana na Mola wake akiwa anadaiwa dhuluma ya mali ya mtu yeyote. Ya pili ni ufafanuzi wa Ibn Taymiyya, aliyeishi kati ya 1263 na 1328, katika risala yake juu ya hisba, yaani usimamizi wa soko. Alisema katazo hilo linahusu bei inayopanda kwa uchache wa bidhaa au wingi wa wanunuzi. Lakini watu wanapokataa kuuza au kufanya kazi inayohitajika na wote ila kwa bei ya kukomoa, mtawala anaweza kuwalazimisha kupokea bei ya mfano. Kwa kazi, kipimo hicho kinaitwa ujira wa mfano: kile ambacho watu wa kazi ile, mahali pale, wakati ule, hulipwa bila kulazimishwa na bila kudanganywa. Kipimo kinafanya kazi kwa pande zote mbili. Kinamzuia anayeuza kupaa, na kinamzuia anayenunua kukandamiza.

Taabu ni kuupata ujira huo mahali ambapo wengi hulipwa hela ya sabuni. Desturi ya mtaa ikiwa yenyewe ni ya kukandamiza, kuifuata ni kuuendeleza ukandamizaji. Hapo sheria ya nchi inaweza kusaidia kama alama ya chini. Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliweka shilingi 120,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani wa kawaida asiyeishi kwa mwajiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, ambazo kwa wastani ni saa 195 kwa mwezi. Hesabu inatoa kama shilingi 615 kwa saa. Amri hiyo haikumhusu anayejitegemea, kwa kuwa hana mwajiri, lakini ilionyesha mahali ambapo nchi wakati huo ilisema chini ya hapa ni dhuluma kwa anayeajiriwa.

Kosa la kawaida ni kuichukua shilingi 615 na kuizidisha kwa saa nne za kazi, ikatoka chini ya 2,500, na mwenye nyumba akaona elfu tatu ni ukarimu. Aliyeajiriwa hulipwa saa zote za mwezi. Sabuni, ndoo na dekio ni vya mwajiri. Siku mbili za homa hazimtoi kazini. Anayejitegemea hubeba hayo yote. Mfano wa hesabu ni huu: mtu anayepata nyumba tano kwa wiki ana kazi kama 20 kwa mwezi. Ili afikie 120,000 tu, kila nyumba inatakiwa imwachie 6,000. Ikiwa kila safari inakula shilingi 1,000 ya sabuni na dawa ya choo na 2,000 ya bodaboda kwenda na kurudi, bei ni 9,000 kabla ya kuhesabu siku za ugonjwa, dekio lililochakaa na mteja aliyefunga mlango bila taarifa. Mwenye nyumba anayeshangaa kutajiwa 10,000 kwa asubuhi moja analinganisha na saa nne anazoziona. Hesabu ya haki inajumuisha saa asizoziona, na mfanya usafi anayeweza kuzieleza moja moja hana haja ya kulalamika wala kuapa.

Mafundisho ya Kikristo yamefika mahali karibu na hapo kwa njia nyingine. Mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu, katika sura ya 20 ya Injili ya Mathayo, unaanza na mapatano ya dinari moja kwa siku; walioingia saa ya mwisho wakalipwa sawa na wa alfajiri, na ukarimu huo haukumpunguzia yeyote alichopatana. Papa Leo wa 13, katika waraka wake wa mwaka 1891 juu ya hali ya wafanyakazi, aliongeza jambo ambalo ridhaa peke yake hailimalizi: mtu anayekubali ujira mdogo kwa hofu ya kukosa kabisa hajaridhia kwa hiari, na ujira wa haki lazima umtoshe mfanyakazi mwenye kiasi kuishi. Fikihi nayo inajua kwamba ridhaa ya anayelazimishwa si ridhaa, ingawa wanachuoni kwa kawaida wanalizungumzia shurutisho la mtu zaidi kuliko shurutisho la njaa. Ibn Taymiyya alikaribia zaidi, kwa kuifanya bei ya mfano kuwa ukuta wa kumkinga aliye dhaifu sokoni.

Dhuluma ya bei inaweza kutoka upande wowote, wa anayenunua au wa anayeuza. Mtume alikataza watu kutoka nje ya mji kuwapokea wenye misafara na kununua bidhaa zao kabla hawajafika sokoni na kujua bei. Kilwa Kivinje na Lindi, zilizokuwa mwisho wa njia za misafara kutoka upande wa Ziwa Nyasa, ni mahali ambapo hukumu hiyo inaeleweka bila maelezo. Sababu yake ni kutumia ujinga wa mtu aliye njiani. Kwa kipimo hicho, mtumishi aliyehamishiwa Mchinga wiki hii, ambaye hajui mtaa unalipa nini, hapaswi kutajiwa mara tatu ya bei. Kadhalika, mwenye nyumba ya wageni hapaswi kumpa msichana aliyetoka bara jana nusu ya anachowalipa wengine kwa sababu tu hajauliza. Kupandisha bei siku za kuelekea Ramadhani na Idi, watu wanapotaka nyumba zote zisafishwe kwa mkupuo, ni jambo jingine: wanunuzi wameongezeka, saa hazikuongezeka, na hakuna aliyefichwa kitu. Kunakuwa dhuluma pale mtu anapokubali kazi kwa bei moja, kisha akaitaja nyingine usiku wa kuamkia Idi.

Pingamizi kubwa zaidi halihusu kiasi. Linahusu undugu. Kijijini watu hutegemeana, na undugu ni kufaana. Kumtajia bei shangazi au mke wa ustadhi kunaonekana kama kuuza ujirani. Jibu liko katika mpangilio wa aya ya Sura ya An-Nahl inayoamrisha uadilifu na wema, na kuutaja uadilifu kwanza. Ujira uko katika uadilifu. Punguzo, zawadi na msaada viko katika wema. Mfanya usafi anayemwambia mjane, "Kazi hii elfu kumi, kwako mama naifanya kwa elfu nne," ametoa sadaka ya elfu sita inayojulikana na pande zote. Aliyenyamaza na kupokea elfu nne hakutoa sadaka, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba kuna kilichotolewa. Na mwezi ujao, elfu nne ndiyo bei ya mtaa mzima, hata kwa mwenye duka. Mwenye nyumba naye anayetaka kuongeza, hana wema wa kuongeza juu ya kitu kisichokuwa na kiasi.

Malipo yenyewe yana hukumu zake. Hadithi iliyopokewa na Ibn Majah inaagiza mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho halijakauka, na nyingine iliyopokewa na Bukhari inamtaja aliyechukua kazi kamili bila kulipa kuwa miongoni mwa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa mdai wao Siku ya Kiyama. Kuahirisha kwa makubaliano kunaruhusiwa, ila muda ujulikane. Ahadi ya "nitakulipa ufuta ukiuzwa", inayosikika sana kabla ya minada, haikubaliki kwa Shafi kama muda, kwa sababu siku ya mavuno na ya mauzo haijulikani. "Tarehe tano mwezi wa saba" inakubalika. Kikombe kikivunjika bila uzembe, kwa kauli yenye nguvu ya madhehebu mfanyakazi ni mwaminiwa na hatozwi, hivyo kukata ujira bila kuthibitisha uzembe ni kumdhulumu.

Bei iliyopatanwa inafunga pande zote mbili mpaka mwisho wa kazi au mwisho wa muda. Sabuni ikipanda katikati ya mwezi, mfanya usafi aliyepatana kwa mwezi anamaliza kwa bei ya zamani, isipokuwa mwenye nyumba aridhie kuongeza. Mwezi mpya ukiandama, anaweza kutaja nyingine. Ndiyo faida ya kupatana kwa vipindi vifupi wakati wa kuanza, wiki au mwezi, mpaka hesabu za sabuni, nauli na siku zilizopotea zijulikane. Daftari la senti chache linatosha: jina la nyumba, kazi zilizotajwa, bei, na siku ya kulipwa.